Spika za Kusikika Nje

Amplifaya ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, siku utakayoiwasha hunuka vumbi linaloungua. Juzi niliisikia harufu hiyo sebuleni kwa wazazi wangu, mtaa wa Satellite hapa Nairobi, na ikanirudia hofu ile ile ya nilipokuwa mtoto mtaani Kangemi. Mimi ni mtu mzima sasa, nina watoto na mgongo unaoniuma, lakini harufu ile ikinifikia bado naanza kuwapitia watu wa nyumbani mmoja mmoja kichwani, kuona kama wote wapo.

Wa rika langu watanielewa upesi, hasa waliolelewa kwenye nyumba ambamo redio ilifunikwa kitambaa cha kufumwa na mtoto aliyeigusa alijua atakachopata.

Kangemi tulikaa chumba kimoja, pazia katikati, wazazi upande huu na mimi upande ule. Baba aliuza misumari, bawaba na kufuli katika duka la vifaa vya ujenzi River Road. Duka halikuwa lake. Mama aliuza mboga za kienyeji sokoni hapo hapo Kangemi. Hatukuwa na friji, wala kiti ambacho mgeni angekalia bila kuonywa kuhusu mguu mmoja, lakini mitambo tulikuwa nayo. Baba hakuwahi kuita vitu vile redio. Alisema mitambo, tena kwa sauti ya mtu anayemtaja mkwewe.

Mitambo haikuja kwa siku moja. Kilikuja kitu kimoja, ukapita muda mrefu wa kuwaza, kikaja kingine. Wenzake walipokwenda kula mchana, Baba alitembea mpaka kwa Mzee Swaleh, mtu wa Lamu aliyekuwa na kiduka cha redio zilizotumika kwenye uchochoro nyuma ya wachapishaji wa kadi za harusi. Hakununua. Aliangalia, akauliza, akarudi kazini na njaa. Jioni alituletea mjadala mzima mezani. Kuna faida gani kuwa na amplifaya yenye nguvu kama spika ni dhaifu? Na ukianza na spika, utaziendesha na nini? Bajeti iliruhusu kitu kimoja tu, kwa hiyo kila chaguo lilikuwa pia kukataa kingine, na Baba alikuwa mtu wa kuumia kwa kile alichokikataa.

"Baba Nekesa," Mama alimwambia siku moja akisonga ugali, "ungenichumbia hivyo, saa hii ningekuwa kwa mwingine."

Nekesa ni mimi. Nilipewa jina la bibi yangu mzaa baba, ndiyo maana Baba mwenyewe aliniita mama.

Alikuwa na kaseti moja ya kupimia. Aliirekodi mwenyewe Jumapili moja kanisani kwetu, kwaya ikiimba, na Mama alikuwa miongoni mwa waimbaji wa sauti ya pili. Kabla ya ubeti wa tatu kwaya ilinyamaza kidogo, na katika kimya hicho Mama alivuta pumzi mapema kuliko wenzake. Ilikuwa kosa, mwalimu wa kwaya alimsema. Kwa Baba, hicho ndicho kitu alichokipenda zaidi kwenye kaseti nzima. Alifumba macho, akainua kidole, sote tukanyamaza. Pumzi ikisikika, kidole kilishuka.

"Huyo," alisema.

Isiposikika, kosa lilikuwa la spika, au la waya, au la fundi aliyezifungua mara ya mwisho. Halikuwa la Mama kamwe.

Sasa nifike kwenye hofu yangu. Watu wa kwetu kutoka magharibi mwa Kenya walikuwa wengi Kangemi, na walikuwa na kikundi chao chenye mwenyekiti. Mmoja wao akifariki, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani, majirani hukutana kila jioni penye msiba. Wanaomba, wanachanga, wanakunywa chai, na nyimbo za kwaya zinapigwa kwa sauti ya juu mpaka barabarani, ili mtu wa kwetu anayepita asikie, ajue pana msiba, aingie. Anayeingia haji mikono mitupu, huja na sukari au unga. Na sauti hiyo ilitoka kwenye mitambo ya Baba. Walikuja vijana wawili, wakavibeba vitu vyetu kwa uangalifu, Baba nyuma yao akiwa ameshika waya, na chumba chetu kikabaki kitupu kwa siku kadhaa.

Mtoto huangalia kinachotangulia na kinachofuata, halafu anajitungia sheria zake. Mimi niliona hivi. Ilipokuja redio ya kaseti mbili, harufu yake ya plastiki mpya haijaisha, Mzee Khaemba akafariki, yule mlinzi wa ploti tuliyopanga aliyekuwa akinipa njugu. Ilipokuja amplifaya, nilikaa roho juu, na haikupita muda akafariki Shangazi Rose, dada yake Baba, aliyenisuka nywele kila Jumamosi na kunifinya sikio nikisogea. Nilisimama kwenye msiba wake, nikaitazama amplifaya ile ikiwaka taa yake nyekundu juu ya meza ya watu, nikaichukia kabisa. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Kila mitambo ilipokua, mtu aliondoka. Na kadiri kitu kilivyokuwa kikubwa, ndivyo aliyeondoka alivyokuwa wa karibu zaidi.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Watu wazima walionekana kulijua jambo hilo na kulikubali, kama wanavyokubali kodi ya nyumba. Nilichofanya ni kuomba Baba aridhike. Kila alipowasha mitambo nilikuwa wa kwanza kuisifu.

"Baba, hii sauti iko poa sana. Si tuiache tu hivi?"

"Hizi spika zinakwaruza, mama. Husikii?"

"Sisikii kitu."

"Basi una masikio ya mama yako," alisema, na Mama akamrushia kitambaa cha sahani.

Kisha Mama akaugua. Ugonjwa ulianza kama homa ya kawaida, ukawa kikohozi, halafu asubuhi moja akashindwa kubeba gunia lake la mboga, akaketi nalo mlangoni akitafuta hewa. Walisema ana maji kwenye mapafu. Alilazwa hospitali ya serikali, na mimi sikuruhusiwa kuingia wodini kwa sababu ya umri wangu. Nilisimama nje kwenye nyasi, na Baba alinionyesha dirisha ambalo nilipaswa kulipungia mkono. Nililipungia. Hadi leo sijui kama lilikuwa dirisha lake.

Jirani alinipikia, na Baba alirudi kila jioni akinuka dawa za hospitali. Hakuwasha mitambo. Nilifurahi kwa hilo, nikaona labda ameelewa. Halafu jioni moja, tukila, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani:

"Nimeona spika kwa Swaleh. Zile za kusimama chini. Za kusikika mpaka nje."

Nilirudisha tonge kwenye sahani.

"Lazima, Baba?"

"Hizi zetu zinakwaruza."

"Lakini Mama hayuko. Tungoje arudi, achague na yeye."

Baba alisogeza sahani yake pembeni. "Jumamosi tutaenda wote," alisema. "Utanisaidia kuchagua."

Siku zilizobaki sikusoma wala sikucheza. Darasani mwalimu aliniita mara kadhaa ndipo nikaitika. Nilikuwa na woga ambao hadi leo sijaupata tena kwa ukubwa ule, kwa sababu mtoto hana mahali pa kuuweka woga wake. Hana kazi ya kwenda, hana simu ya kupiga. Nilijipangia nitakachofanya. Nisingeweza kumzuia Baba kununua, hilo nililijua. Ila ningeweza kuhakikisha ananunua kitu kidogo. Kidogo kabisa. Kitu ambacho vijana wa kikundi hawawezi kukibeba kwenda msibani.

Jumamosi tulishuka mjini, tukaipita River Road kwa miguu, Baba akinishika mkono kati ya mikokoteni ya mabati na vijana waliobeba madebe ya rangi kichwani. Kwa Mzee Swaleh palikuwa na giza na baridi, redio zimepangwa hadi darini, na yeye mwenyewe kaketi katikati na kofia yake nyeupe na kikombe cha kahawa.

"Karibuni, karibuni. Huyu ndiye binti? Mashallah. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

"Na mama ya watoto aendeleaje, bwana?"

Baba alitikisa kichwa kidogo, namna ambayo alidhani sikuiona. Mzee Swaleh akaweka kikombe chini.

"Mungu ni mwema," alisema. "Haya. Zile spika nimekuwekea."

Zilikuwa karibu kimo changu, nyeusi, vitambaa vya mbele vimekwaruzwa kidogo. Baba alitoa kaseti yake mfukoni. Kwaya ikajaa duka lote, ikatoka mpaka uchochoroni, mtu aliyekuwa akipita na mzigo akasimama kusikiliza. Niliona hilo. Niliona jinsi mtu anavyosimama njiani. Baba alifumba macho, akainua kidole kusubiri ubeti wa tatu, na mimi nikapiga kelele.

"Sio hizo!"

Mzee Swaleh alizima. Baba alifumbua macho.

"Nini, mama?"

Nilitazama rafu zote kwa haraka, nikitafuta kitu kidogo kuliko vyote, na nikaona hedifoni imetundikwa kwenye msumari, sponji yake moja imechanika.

"Ile pale. Nunua ile."

"Hedifoni?" Baba alicheka kidogo. "Hiyo ni ya mtu mmoja tu. Tutasikilizaje wote?"

"Tutapokezana. Baba, tafadhali. Hizi kubwa usinunue, tafadhali. Usinunue ya kusikika nje." Na hapo nililia, si kilio cha kudeka, kile cha kukosa pumzi. "Mama hajamaliza kuugua. Usinunue bado."

Hakuniuliza nina maana gani. Alichuchumaa mbele yangu pale chini, suruali yake ya kazi kwenye vumbi, akanitazama usoni kwa muda. Nilidhani atanikaripia kwa kumwaibisha mbele ya watu. Mzee Swaleh alijifanya kupangusa redio iliyokuwa safi.

"Hebu nijaribishe," Baba alimwambia.

Mzee Swaleh aliiteremsha hedifoni, akaipuliza vumbi, akaichomeka. Baba aliivaa bila kusimama, bado kachuchumaa. Kaseti ikaanza tena, ila safari hii duka lilikuwa kimya, na mimi sikusikia chochote isipokuwa watu wa nje. Nilimtazama tu. Alifumba macho. Kidole kikapanda. Kikakaa juu, kikakaa, halafu kikashuka polepole na Baba akafunika uso kwa mkono ule ule. Hakusema "huyo". Mabega yake ndiyo niliyoyaona.

Tulirudi Kangemi na hedifoni kwenye mfuko wa karatasi. Pesa ya spika ilibaki, na baadaye nilisikia ilinunua dawa ambazo wodini zilikuwa zimeisha. Jumapili Baba aliipeleka hedifoni hospitalini pamoja na redio ndogo ya kaseti ya kuazima, na akaniambia kwamba Mama alijisikiliza akiimba, akasema mwalimu wa kwaya alikuwa na haki ya kumsema.

Mama alirudi nyumbani. Amekonda, anatembea kwa kushika ukuta, lakini alirudi. Na mimi kwa miaka mingi nilibeba siri yangu kwa fahari, kwamba niliyemwokoa mama yangu ni mimi, kwa kuchagua vizuri dukani.

Nilikuwa msichana mkubwa, tumeshahamia Satellite, Mama aliponivurugia hesabu yangu bila kujua. Tulikuwa tumeketi kwenye ngazi tukichambua mrenda, akanitania kwamba nimefanana na Baba kwa kushindwa kukaa bure nikiwa na wasiwasi.

"Yeye akisikia tu mtu wetu amelazwa na hali ni mbaya, anakimbilia redio," alisema. "Khaemba alipougua, akaleta ile ya kaseti mbili. Rose alipougua, amplifaya. Hawezi kuuguza, hawezi kuosha mgonjwa, sasa anafanya hiyo. Anasema mtu ametumika Nairobi maisha yake yote, hawezi kuagwa na sauti ya kukwaruza. Anaona aibu hata kabla ya mtu kufa."

Mikono yangu ilisimama kwenye mboga. Kumbe uhusiano niliouona ulikuwepo kweli, ila niliushika kichwa chini miguu juu. Mitambo haikuita vifo. Baba ndiye aliyekuwa akivisikia vikija, akajiandaa kwa njia moja tu aliyoijua.

"Na wewe ulipolazwa?" nilimuuliza.

"Mimi?" Mama alicheka. "Mimi nililetewa hedifoni. Sijui hata ilimwingiaje."

Sikumweleza. Niliingia ndani nikaosha uso. Nilikuwa nimeelewa alichokuwa akichagua Baba siku ile alipochuchumaa kwenye vumbi, na zile spika alikuwa akimwandalia nani.

Miezi hii Baba mwenyewe haendi mbali. Moyo wake umechoka. Hivyo ndivyo daktari alivyotueleza kwenye korido, akatupa vidonge na kutushauri tumweke karibu. Anakaa kwenye kiti chake dirishani, blanketi magotini, anazungumza vizuri na analala sana. Juzi alinipigia simu nikiwa kazini.

"Nekesa, mama. Uko town?"

"Niko, Baba. Kuna shida?"

"Hakuna. Pitia pale kwa Swaleh uniangalizie spika. Hizi zinakwaruza."

Nilitoka ofisini nikasimama kwenye ngazi, simu sikioni.

"Uko?"

"Niko."

"Sikiza. Safari hii usiniletee hedifoni."

Alicheka hadi akakohoa, kisha akakata. Kumbe alijua kwa nini nililia dukani. Siku ile ile alijua, na miaka yote hii hakuniaibisha kwa kuniambia.

Mzee Swaleh alishatangulia mbele ya haki, dukani yuko mwanawe, mwenye ndevu na haraka. Alinionyesha spika mpya za kung'aa, taa za rangi zinazocheza pembeni.

"Hizi ndio zinatoka, madam. Besi iko. Bajeti yako itatosha na chenji utarudi nayo."

Kaseti tuliihamishia kwenye simu zamani. Nikampa apige. Besi ilikuwepo kweli, ilitikisa meza, na pumzi ya Mama haikusikika popote. Nikamwomba zile za zamani zilizokuwa pembeni, mbao zimechubuka, kitambaa cha moja kimeshonwa. Aliguna lakini akaziunganisha. Nilifumba macho. Kila nilivyochagua vizuri ndivyo nilivyojiona nafanya ubaya, nikatamani zisiwe nzuri, nikatamani zikwaruze nipate sababu ya kurudi mikono mitupu. Zilikuwa nzuri. Mama alivuta pumzi kama yuko nyuma ya bega langu.

Nilifika Satellite jioni jua bado lipo. Nilizipanga pande mbili za kabati, nikakaza waya kama alivyonifundisha, nikaiwasha amplifaya, na harufu ya vumbi ikanipata, ndiyo ile niliyoanza nayo kisa hiki. Baba aliinua kidole. Tukasubiri ubeti wa tatu.

"Huyo," alisema.

"Nani?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Wewe. Bado unawahi." Kisha akanigeukia. "Ongeza."

Niliongeza.

"Ongeza, mama. Ni za kusikika nje hizi. Acha nizisikie mimi kwanza kabla ya wageni."

Niliongeza mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Sikumtazama. Niliinama kwenye waya nikijifanya kuna mahali palipolegea, na machozi yakanitoka.

Kwaya ilikuwa bado inaimba mlango ulipofunguka. Hakubisha hodi. Alikuwa Mama Simiyu, mtu wa kwetu anayekaa ploti ya pili, leso kajifunga kiunoni, pakiti ya sukari mkononi, macho tayari yamelowa. Alikuwa amesikia nyimbo kutoka barabarani, na anajua nani mgonjwa katika nyumba hii. Aliingia hatua mbili akiwa amefungua mdomo kulia, ndipo akamwona Baba kwenye kiti chake, mzima, kidole kimoja bado hewani.

Nilizima mitambo. Mama alitokea mlangoni pa jikoni na mwiko wake.

"Karibu, Mama Simiyu," Baba alisema. "Umewahi kidogo tu. Kaa."

Mama ndiye aliyecheka wa kwanza, kisha Mama Simiyu akaketi chini palepale, akicheka na kulia, akimwomba Baba msamaha, na Baba akimwambia hajakosea njia. Niliichukua ile sukari mkononi mwake kwa sababu ilikuwa inamwagika, nikaenda jikoni nikapika nayo chai. Baba aliinywa mwenyewe, taratibu, akanirudishia kikombe niongeze sukari.